Msitu ni wa Leta, lakini sisi tuko ndani yake

Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano mkuu wa chama. Tumeyaandika tena kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu wanaosoma gazeti hili wakiwa mbali.



Sisi ni wale vijana wa shirika ambao mnatuona kila wiki juu ya pikipiki, wenye karatasi nyingi na viatu vya matope. Wengine kati yetu tulizaliwa hapa Fizi, wengine tulisomea kambini kule Kigoma kabla ya kufika chuo kikuu. Kwa hiyo hatuko wageni, hata kama siku nyingine tunaongea sawa vile wageni. Mtuvumilie.

Katika mkutano uliopita mama mmoja mwanachama alisimama. Alikuwa ametoka kuuza makala. Alisema: kutoka porini mpaka sokoni nimelipa mara nne, na kila aliyepokea alisema ni pesa ya Leta. Risiti nimepata moja tu. Halafu akatuuliza sisi, siyo Prezida: “Nyinyi wenye kusoma, hii Leta inayochukua pesa ya msitu, inatusaidia nini sisi wenye kuishi na huo msitu?”

Siku ile hatukujibu vizuri. Tulisema “tutafanya utafiti”, maneno ambayo watu wa mashirika wanayasema wakikosa jibu. Leo tunakuja na jibu. Siyo jibu tamu lote.

Tuanze na karatasi. Sheria ya misitu ya Kongo ni ya tarehe 29 Agosti 2002. Ndiyo iliyoondoa amri ya Wabeleji ya mwaka 1949. Inasema wazi kwamba misitu ni mali ya Leta. Hapo wazee wengi wanakasirika, na tunawaelewa, kwa sababu babu zao walizikwa humo kabla Leta haijakuwa na jina. Lakini sheria hiyo hiyo inasema watu wanaoishi ndani ya msitu au kando yake wana haki ya kuutumia kufuatana na desturi zao. Kuni, fito za kujenga, nyasi za kuezeka, asali, uyoga, dawa za miti: vyote hivyo ni haki, si zawadi ya mtu wa ofisi. Akikuzuia kuokota kuni za kupikia nyumbani, yeye ndiye anayevunja sheria.

Shida inaanza pale unapouza. Sheria inasema vitu ulivyotoa msituni kwa haki ya desturi ni vya kutumia nyumbani, si vya biashara, isipokuwa matunda fulani na vitu ambavyo waziri au gavana ameviorodhesha. Sasa tuseme ukweli, katika chumba hiki nani hauzi? Karo ya mtoto inatoka kwa makala. Dawa ya malaria inatoka kwa mbao. Muhogo ukikauka shambani, ni gunia la makala linalonunua chumvi. Sheria imetuona kama watu wanaokula msitu, haikutuona kama watu wanaoishi kwa soko la msitu. Katika hiyo nafasi ndogo ndipo yule anayelipisha mara nne anasimama. Anajua kwamba mama hana kibali, na mama naye anajua hivyo, kwa hiyo wanaelewana kwa noti.

Kibali kipo, wandugu. Kuna kibali cha kuni na makala kwa watu wa vijijini. Tuliuliza katika vikundi vyetu ni wangapi wamewahi kukishika mkononi. Watu walicheka.

Wengine mnatuuliza kuhusu zile asilimia 40. Tuliseme haraka, kwa sababu limezunguka sana midomoni. Ni kweli sheria inasema pesa ambayo makampuni ya mbao yanalipa kwa ukubwa wa konsesio zao, asilimia 40 irudi chini: 25 kwa jimbo na 15 kwa eneo lenyewe, na itumike tu kwa barabara, shule, zahanati na kazi za namna hiyo. Lakini hizo konsesio kubwa ziko Mai-Ndombe, Tshopo, Équateur na upande ule. Hapa kwetu Kivu ya Kusini hakuna kampuni la namna hiyo la kutulipa. Na hata kule walipo, wenyeji wamelalamika miaka mingi kwamba pesa inapotea njiani. Basi mtu akija kijijini kwenu akisema “toeni mchango tuwafuatilie asilimia 40 yenu”, mfukuzeni kwa heshima.

Vilevile zile dolari milioni 200 zilizoahidiwa mwaka 2016 na nchi rafiki wa misitu ya Afrika ya kati, na milioni 500 zilizotangazwa Glasgow mwaka 2021. Redio ilisema, na siku ile simu zetu zililia mpaka usiku. Hizo pesa zinapita katika mfuko wa taifa na programu zenye majimbo yake. Mkulima wa Lulenge hawezi kwenda kupanga mstari mbele yake.

Kwa hiyo iko nini? Iko kitu kimoja, na ndicho kilichotuleta.

Sheria ya 2002 ilisema kwamba jamii inaweza kuomba msitu wake wa desturi na kupewa bure, kama konsesio. Ilikaa hivyo miaka 12 bila njia ya kuifuata, kwa sababu amri ya kueleza jinsi ya kuomba ilitoka tu tarehe 2 Agosti 2014. Ile ya kueleza jinsi ya kuuongoza msitu ikatoka Februari 2016. Ofisini wanaiita CFCL. Sisi tuseme tu msitu wa jamii. Jamii inaweza kupewa mpaka hektari 50.000, yaani kama pande la kilomita 20 kwa 25. Anayesaini ni gavana. Haina mwisho wa miaka: si 25, si 99, ni ya daima, kwa nyinyi na wajukuu. Na ukiwa na msitu wa jamii wenye mpango wake, unaweza kukata na kuuza kwa jina la jamii, wenyewe au kwa kupatana na mkataji, chini ya macho ya ofisi ya misitu. Yule mama akiteremka na makala kutoka humo, anateremka na karatasi ya kijiji chake. Kama kuna kodi, atalipa kodi inayojulikana, mara moja.

Sasa tuwape kosa letu, kwa sababu tulifanya kosa, na baadhi yenu mlilisikia sokoni kabla yetu.

Tulikuwa tunasaidia kijiji kimoja kuandaa dosie. Dosie inataka mambo machache: maombi ya jamii, karatasi ya mkutano inayosema nani ni jamii na nani anaiwakilisha, na ramani. Tulifanya mkutano chini ya mwembe. Wakubwa wa koo walikuwepo, shefu wa lokalite, mwalimu wa kuandika. Majina yakaandikwa, watu wakasaini, wengine wakaweka dole. Tukapiga picha ya kutuma kwa mfadhili. Tulifurahi kabisa.

Tulipokuwa tunafunga mifuko, mzee mmoja alitushika mkono akatuuliza polepole: “Na wale waliorudi na meli, mumewaandika wapi?”

Tukafungua daftari. Hakuna hata mmoja. Koo ni zile zile, majina ya baba ni yale yale, lakini kila aliyeandikwa ni mtu aliyebaki au aliyejificha porini wakati wa vita. Wale waliokaa Lugufu au Nyarugusu, wakarudi kuanzia 2005, hawakuwepo. Tulipouliza, tukajibiwa bila hasira yoyote: “Hao wako chini kule kando ya ziwa. Mashamba yao walishaacha. Tutawaandika baadaye.” Na sisi, wenye diploma, tulikuwa tumesaini ile karatasi kama mashahidi.

Angalieni uzito wake. Hati ya daima inakuja, na “baadaye” si neno la kuandika karibu na “daima”. Kama jina lako halimo siku ya kwanza, mtoto wako atakuja kuomba ruhusa kwa mtoto wa jirani ili akate fito katika msitu wa babu yake.

Tulirudi. Haikuwa rahisi. Mmoja wa wakubwa alituambia tunaleta fitina. Ilibidi kukaa siku tatu, na kupika, na kusikia mambo ya zamani ambayo hayamo katika sheria yoyote: nani alichunga makaburi wakati wengine walikuwa wanakula posho ya HCR, nani alifyeka njia peke yake. Hayo maneno yana ukweli wake. Waliobaki waliteseka, na msitu ndio uliowaficha na kuwalisha. Wanachama wetu wasijifanye kama hawajui.

Lakini sheria ilitusaidia, na hapa tunaomba msikilize vizuri. Sheria inaeleza jamii ni nini: ni watu waliopangwa kwa desturi, wanaounganishwa na ukoo au undugu, na walio na mshikamano na ardhi fulani. Haisemi aliyelala pale kila usiku. Haisemi aliyekimbia bunduki anakoma kuwa mwana wa ukoo. Tulisoma hayo maneno kwa sauti, Kifaransa kwanza, halafu Kiswahili, halafu mzee mmoja akayarudia kwa Kibembe kwa namna nzuri kuliko sisi. Orodha ikafunguliwa tena. Haijafungwa mpaka leo, na hiyo ndiyo sababu tuko mbele yenu.

Tuwe wakweli pia kwa upande mwingine. Kuna wanachama wa chama hiki ambao asili yao ni grupema nyingine, waliojenga Baraka kwa sababu kule kwao hakujatulia. Nyinyi hamwezi kudai msitu wa ukoo ambao si wenu kwa sababu tu mmepanga nyumba karibu. Kwenu ni lazima kutafuta jina kule kwenu. Sisi tutawasaidia kupeleka ujumbe, hatutawasaidia kuingia kwa mlango wa pembeni.

Na kuna majirani ambao hawamo katika chama hiki lakini wamo katika msitu. Bambuti walikuwa humo kabla yetu sote. Tangu Julai 2022 nchi ina sheria inayolinda haki zao. Tumeona orodha ambazo wanaitwa “wafanyakazi wa” fulani. Hilo halikubaliki, na dosie ya namna hiyo hatutaibeba. Kuna pia wenye ng'ombe wanaopita kila kiangazi. Njia yao ikifungwa kwenye ramani bila kuongea nao, tumechora vita kwa kalamu ya rangi. Tunajua eneo letu. Hatuhitaji kusema zaidi.

Mtu atauliza: je, Leta hii inaweza kweli kukaa na wananchi ikakubaliana nao mpaka wa msitu? Tunajibu kwa mfano wa Itombwe, ambayo wengi mnaiona kwa macho. Mwaka 2006 waziri alisaini karatasi Kinshasa, na Itombwe ikawa hifadhi. Watu wa Mwenga, Fizi na Uvira walisikia baadaye kwamba wanaishi ndani ya kitu ambacho hawakuulizwa. Walikataa. Ilichukua karibu miaka 10 ya mikutano, kijiji kwa kijiji, ya kuonyesha wapi ni pa wanyama, wapi ni pa kulima, wapi ni pa kuchanganya. Mipaka ya sasa ilitoka 2016 kwa sahihi ya gavana. Haikumaliza ugomvi wote. Lakini mstari ulihama kwa sababu watu walikuwa na ramani yao mkononi. Aliyekuja na maneno matupu aliandikwa “amesikilizwa”, basi.

Mfano mwingine mmeuishi. Kule Tanzania mwaka huo huo wa 2002 walitoa sheria yao ya misitu. Kijiji chenye hifadhi yake kinaweza kuuza mbao na kubaki na mapato. Huko Kilwa kuna vijiji vilivyouza mpingo kwa njia hiyo na kujenga kwa pesa yake. Sisi tulipokuwa wakimbizi hatukuona upande huo. Tuliona ule mpaka wa kilomita 4 kuzunguka kambi, na wamama wakipokonywa kuni na panga. Tulijifunza msitu ni kitu cha wengine. Tukarudi nyumbani na fundisho hilo mwilini, na labda ndiyo maana wengi wetu hatukuuliza pale orodha zilipokuwa zinaandikwa.

Sasa gharama. Hati ni bure, sheria imesema. Njia ya kwenda kwenye hati si bure. Kuna kutembea mipaka siku nyingi na kifaa cha GPS, kuna chakula cha watu 20, kuna kuchapa ramani, kuna safari ya kupeleka dosie kwa administrata wa teritwari, halafu Bukavu. Ofisi zenyewe hazina mafuta ya pikipiki. Mtumishi wa Leta anakuja kushuhudia mkutano kama mtu mwingine amelipa safari yake. Tuliwahi kupeleka dosie katika ofisi moja, ikakaa miezi, na tulipoifuata tukaikuta imewekwa chini ya birika. Hatukupiga kelele. Tulichukua nakala ya pili tuliyokuwa nayo, tukaomba muhuri wa kupokea, tukapewa. Tangu siku ile hatutoki ofisini bila muhuri na tarehe. Nanyi mfanye hivyo hivyo.

Kwa wafadhili tunasema kwa heshima: mradi wa miezi 12 unaweza kutoa picha ya mkutano chini ya mwembe. Hauwezi kutoa msitu wa jamii. Mwaka wa kwanza unaisha wakati watu wanaanza kuambiana ukweli. Ile orodha mbaya tuliyowasimulia, tuliisaini pia kwa sababu ripoti ilikuwa inangojewa. Hatuwatupii lawama, mkono ulioshika kalamu ni wetu. Lakini mkitupa miaka 3 na vijiji 2, mtapata kitu cha kweli zaidi kuliko vijiji 10 kwa mwaka mmoja.

Na kwa nyinyi wanachama, msije mkaambiwa na mtu kwamba hati inafukuza wenye bunduki. Haifukuzi. Pale ambapo kundi lenye silaha linalipisha kila gunia, karatasi ya gavana haitasomwa. Tutaanza na misitu ambayo unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ile ya mbali itangoja. Msije pia mkafikiri ni pesa ya kesho. Mwaka jana tulisema katika kijiji kimoja kwamba msitu wa jamii “utaleta maendeleo”, na kijana mmoja akauza mbuzi wake kununua msumeno akingojea. Tulimwomba radhi. Mpaka leo hatujui jinsi ya kumrudishia mbuzi.

Tunachoomba kwa chama ni hiki. Kila kikundi kichague watu wawili, mmoja wao mama, wa kwenda kijijini kwa asili siku ya mkutano wa orodha. Wasiende kwa hasira. Waende na jina la baba, jina la babu, na jina la kilima au mto ambapo familia ililima. Waende na kitu mkononi, hata kama ni chumvi na sabuni, kwa wale waliobaki. Hiyo haimo katika sheria, lakini wazee wa pande zote wametuambia ndiyo mlango. Mfuko wa kusaidiana, kama mkutano huu utakubali, ulipe usafiri wao, kwa sababu mama wa makala hawezi kuacha soko siku mbili bila chochote.

Halafu wanapounda vyombo vya kuongoza msitu, kwa maana sheria inataka mkutano wa jamii, kamati ya uongozi, kamati ya ukaguzi na baraza la wazee, wanachama wetu wasigombee zote kamati ya uongozi. Kila mtu anaitaka hiyo, kwa sababu ndiyo inayoshika pesa. Ombeni ukaguzi. Mtu aliyekaa kambini miaka 10 akihesabu vikombe vya unga ili asipunjwe, huyo anajua kukagua.

Yule mama aliyetuuliza swali yuko pale nyuma, tunamwona. Mama, jibu letu ni kwamba mpaka leo Leta imekupa haki ya kuokota kuni, na mlango ambao kuufungua kunachukua miaka. Risiti zako, hata ile moja, zilete. Tunakusanya za wanachama wote, na za miezi hii tumeanza kuzipanga kwa tarehe na mahali, tuzipeleke kwa administrata pamoja na dosie ya kwanza. Wale wasiopewa risiti, njooni mtuambie siku na kizuizi, tutaandika.

Mkutano wa orodha ya kijiji kile ni Jumamosi ya pili baada ya soko kubwa. Pikipiki mbili zitaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi. Zimebaki nafasi tatu.